Nani aliugusa uso mara ya mwisho? Kisa cha utando wa selulosi na plazma katika maabara moja ya Nairobi

Kuhusu kisa hiki

Nilikuwa mmoja wa watu sita katika mradi huu. Kazi yangu ilikuwa kukuza utando, na wenzangu wakaniita mpishi. Majina ya watu, taasisi, hospitali na mfadhili nimeyaondoa, na badala ya tarehe nimeandika wiki. Mpangilio wa matukio sikuubadilisha, hata pale unapotuaibisha.

Usuli

Daktari wa upasuaji anayetibu majeraha ya moto alitujia na ombi. Wodini kwake watoto wengi walikuwa wameungua kwa uji, chai au maji ya moto, na wengine kwa stovu za mafuta ya taa zilizopinduka katika nyumba za chumba kimoja. Ngozi ya kupandikiza hutolewa kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe, na mtoto aliyeungua sehemu kubwa hana akiba ya kutosha. Alitaka kitu cha kubebea seli. Zichukuliwe seli chache za ngozi, zikuzwe maabara juu ya kitu hicho, kisha kipelekwe kizima kizima hadi kwenye jeraha.

Sisi utando tulikuwa nao tayari. Kuna bakteria aitwaye *Komagataeibacter xylinus*, jamaa wa wale wanaogeuza pombe kuwa siki. Mwachie maji yenye sukari, usimtikise, naye atafuma selulosi pale juu, mahali mchuzi unapokutana na hewa. Mwingereza A. J. Brown alimweleza mwaka 1886. Wanaotengeneza kombucha wameuona utando huo, na Wafilipino huukata vipande, wakautia sukari na kuula kwa jina la nata de coco. Ni selulosi ileile ya mimea, ila haijachanganyika na lignini wala hemiselulosi, vitu vinavyoambatana nayo kwenye mbao, na nyuzi zake zina upana wa makumi ya nanomita tu. Utando mbichi unaweza kuwa maji kwa asilimia 99, na bado ukaunyanyua kwa vidole viwili bila kuchanika. Mkononi unahisi kama nyama ya dafu changa.

Kwenye jeraha una sifa nzuri: haukauki upesi, unapitisha hewa, na mwili hauukatai kwa urahisi. Tatizo ni kwamba seli hazina hamu nao. Seli ya ngozi haishiki selulosi yenyewe. Hushika protini zilizotangulia kutua juu yake, kama fibronektini na vitronektini zinazotoka kwenye seramu, yale majimaji ya damu yanayotiwa kwenye chakula cha seli. Uso wa selulosi umejaa hidroksili, vikundi vya oksijeni na hidrojeni vinavyopenda maji, umelewa maji, hauna chaji ya kutajika, kwa hiyo protini hizo hupita kama wageni waliokosa pa kuketi.

Plazma ilikuja kama jibu la hilo. Ni gesi iliyopigwa umeme mpaka baadhi ya elektroni zikang'oka kwenye atomu zake. Jina hilo lilitolewa na Irving Langmuir mwaka 1928, na kila aliyewahi kukaa chini ya taa ya mrija ameshaiona. Katika shinikizo dogo elektroni huwa na joto kali ilhali gesi yenyewe inabaki karibu na joto la chumba, ndiyo maana utando hauungui. Ukitumia naitrojeni, uso unapata vikundi vyenye naitrojeni, amini zikiwemo, ambavyo protini huvipenda. Mabadiliko hayo hayapiti nanomita kumi hivi kwenda chini. Mwaka 2010 watafiti wa Ureno na Brazil walichapisha kazi ya aina hii kwenye selulosi ya bakteria. Seli za mishipa midogo ya damu na seli za neva zilishika vizuri zaidi, lakini fibroblasti za panya ziitwazo 3T3, seli za tishu unganishi, hazikuonyesha tofauti. Sentensi hiyo ya mwisho sote tuliisoma, na sote tuliisahau.

Yaliyotokea

*Wiki ya 1 hadi ya 4.* Upishi wenyewe haukuwa na shida kubwa. Nilijaribu maji ya madafu yanayoletwa kutoka Pwani, kwa sababu peptoni ya kuagiza, chakula cha bakteria, ni ghali. Utando ulitoka mzuri, lakini kila mzigo wa madafu ulikuja na tabia zake. Nikarudi kwenye mchanganyiko wa Hestrin na Schramm wa mwaka 1954, wenye gramu 20 za glukosi kwa lita, nikauweka katika nyuzi 30 kwa siku kumi. Usiku mmoja stima ilipotea na mlinzi akasogeza trei ili apitishe jenereta. Asubuhi nilikuta utando umezama, na mwingine mchanga umeanza juu yake. Mzigo huo niliutupa. Mizuri niliichemsha kwa nyuzi 80 katika soda kali, sodiamu haidroksaidi ya mola 0.1, ili kuua bakteria na kuyeyusha mabaki yao, nikaisuuza mpaka maji yakawa hayana soda.

Kisha tukautia utando mbichi kwenye chemba ya plazma.

Chemba ilikuwa ya kioo, kubwa kiasi cha oveni ya kupashia chakula, ikiendeshwa kwa mawimbi ya megahezi 13.56. Mwongozo ulitaka shinikizo lishuke hadi paskali 40 kabla ya kuwasha. Sindano ya geji ilishuka hadi paskali elfu mbili na kitu, ikagoma. Baada ya muda ikajivuta hadi mia sita, ikagoma tena. Prof, kiongozi wetu, alidhani mlango unavuja, akakaza skrubu. Tulipofungua baada ya nusu saa, utando ulikuwa kipande cha barafu. Mwanafunzi wa uzamili aliugonga kwa kibano, ukalia kama kikombe.

Hesabu ilikuwa vitabuni siku zote. Kwenye nyuzi 20 maji yanatoa mvuke wa paskali 2,300 hivi, na huwezi kushuka chini ya hapo mpaka maji yapoe au yaishe. Yanapochemka bila moto hupoteza joto, na yakifika paskali 611 yanaganda. Pampu yetu ilikuwa ikivuta mvuke wa maji saa zote hizo. Fundi wa pampu tuliyemtoa Viwandani alifungua kizibo, akachungulia, akacheka.

"Daktari, hii si oili tena. Hii ni chai ya maziwa."

*Wiki ya 5 na ya 6.* Tulijifunza kukausha. Oveni ya nyuzi 60 ilitupa kitu kama karatasi ya nailoni. Nyuzi zilikuwa zimekumbatiana, na hata tulipoulowesha utando usiku kucha haukurudi unene wake. Mashine ya kugandisha na kukausha iliacha matundu wazi, kipande kikatoka cheupe na chepesi kama pamba iliyolaliwa. Tukachagua hiyo.

*Wiki ya 7.* Tulitaka kujua kama plazma imefanya lolote. Tulidondosha matone ya maji na kuyapiga picha kwa simu tupime pembe ya mgusano, yaani tone limetandaa kiasi gani, kipimo ambacho kila makala ya plazma inacho. Tone likanywewa kabla kamera haijafokasi, kwenye kipande kilichopigwa plazma na kwenye kile ambacho hakikupigwa. Selulosi inapenda maji tangu kuzaliwa, kwa hiyo kipimo hicho hakikuwa na cha kutuambia. Tukahamia mashine ya infraredi, nayo ikachora mistari miwili iliyolaliana kabisa. Infraredi ya aina ile huona kina cha maikromita moja au mbili, na tabaka letu lilikuwa jembamba mara mia kuliko hapo. Tulikuwa tukipima meza nzima kwenye mizani ili tujue kama ina vumbi.

*Wiki ya 9.* Bila kipimo chochote cha uso, tukapanda seli. Tulikuwa na aina mbili: HaCaT, ambazo ni keratinosaiti za binadamu, seli za tabaka la juu la ngozi, na L929, fibroblasti za panya zinazotumika sana katika vipimo vya sumu. Baada ya saa 24 darubini ilionyesha HaCaT zimetanda juu ya vipande vya plazma kama mawe ya kabro, ilhali kwenye utando wa kawaida zilikuwa duara, zimekaa mafungumafungu. Picha ilizunguka WhatsApp mpaka kwa mfadhili. Prof alituagizia nyama.

*Wiki ya 10 hadi ya 13.* Daktari alitaka vipande arobaini vya kuonyesha kwa wenzake. Tulivitengeneza kwa wingi: tukavigandisha, tukavikausha, tukavipiga plazma, tukavitia kwenye mifuko ya plastiki yenye zipu, tukavihifadhi kabatini. Baada ya wiki tatu tukavitia katika maji na kuvipitisha kwenye otoklevu, chungu cha mvuke wa presha, kwa kuwa kitu kinachoelekea hospitalini sharti kiuliwe vijidudu.

*Wiki ya 14.* Mwanafunzi alipanda seli juu ya vipande sita kati ya arobaini hivyo. Hazikushika. Akarudia, matokeo yakawa yaleyale.

Lawama zikaanza kutembea. Kwanza zilifika kwenye seli: labda zimezeeka, labda zina mikoplazma, bakteria wadogo wanaochafua seli za maabara. Zikapita kwenye seramu, chupa ikabadilishwa. Kisha zikafika kwangu. Prof aliniuliza mbele ya wote kama nimesuuza soda vizuri. Nilikuwa nimesuuza, na daftari lilionyesha hivyo, lakini kwa siku mbili sikula chakula cha mchana na wenzangu.

*Wiki ya 15.* Aliyetufungua macho ni fundi wa maabara, mama aliyekaribia kustaafu ambaye wote tulimwita Mama. Hakuwa amesomea plazma. Alisimama mlangoni na beseni la vyombo, akasikiliza mabishano, kisha akauliza: "Kabla seli hazijafika, nani aliugusa huo utando mara ya mwisho?"

Tulibandika karatasi ya manila ukutani na kuandika safari ya kila mzigo, mkono kwa mkono. Vipande vya wiki ya 9 vilikuwa vimepita otoklevu kwanza, vikakaushwa, vikapigwa plazma, vikalowekwa katika spiriti ya asilimia 70 kwa nusu saa, vikasuuzwa na kupandwa seli siku hiyohiyo. Vya wiki ya 14 vilipigwa plazma, vikakaa katika plastiki wiki tatu, vikaishia otoklevu. Tulikuwa tumebadilisha mambo matatu kwa mpigo, na hakuna aliyekuwa ameamua kubadilisha hata moja.

Karatasi ile ilionyesha jambo jingine lililouma zaidi. Katika picha iliyotuletea nyama, kipande cha plazma kilikuwa kimegandishwa na kukaushwa, lakini kipande cha kulinganishia kilikuwa mbichi, hakijawahi kukaushwa. Tulikuwa tumelinganisha vitu viwili vyenye tofauti mbili, sifa zote tukaipa plazma.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha kupanda seli kwa mwezi mzima. Prof hakuupenda, kwa sababu ripoti ya mfadhili ilikuwa inakaribia. Tuliukazania kwa kuwa kila jaribio la seli lilichukua siku tatu na kutupa jibu lenye sababu kumi ndani yake. Tulihitaji kipimo cha haraka cha uso wenyewe.

Tukachagua rangi. Kuna rangi ya chungwa iitwayo Acid Orange 7 ambayo katika maji yenye pH 3 hushika amini zilizopata chaji. Unalowesha kipande, unasuuza kwa maji yaleyale ya pH 3 mpaka yawe meupe, kisha unaing'oa rangi kwa maji ya pH 12 na kuisoma kwenye spektrofotomita, mashine ya kupima ukali wa rangi. Vitu vyake vyote vilikuwa maabara tayari. Hatari yake ni kwamba utando una matundu mengi na hunasa rangi hata mahali pasipo na amini, kwa hiyo kila mzigo ulikwenda pamoja na kipande kisichopigwa plazma. Kile nacho kilitoka na uchungwa kidogo kila mara, na kiasi hicho tulikitoa kwenye hesabu.

Uamuzi wa pili ulihusu vipande vya kulinganishia. Kuanzia hapo kila jaribio lilikuwa na utando mbichi, utando uliokaushwa tu, na utando uliokaushwa kisha ukaingizwa kwenye chemba, ukanyonywa hewa na kupitishiwa gesi kwa dakika zilezile, bila kuwasha umeme. Hicho cha mwisho ndicho kilichobishaniwa. Mwanafunzi alisema ni kupoteza nafasi ya chemba. Mimi nilitaka kujua tunamlipa nani, plazma au pampu.

Halafu tukapanga vipande katika makundi manane: plazma au la, otoklevu baada ya plazma au kabla, kuhifadhiwa au kutumiwa siku ileile.

Vipande vitatu vilivyowekwa juu ya kigae cheupe siku ya kwanza ya jaribio hilo bado ninavikumbuka. Cha kushoto, kisicho na plazma, kilikuwa na rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai. Cha katikati, plazma ya asubuhi ileile, kilikuwa chungwa kama ganda la chenza. Cha kulia kilikuwa plazma ileile iliyofuatwa na otoklevu, na ukikitazama kutoka mlangoni usingekitofautisha na cha kushoto.

Jambo hilo lilitusumbua, maana tulikuwa tumesoma kwamba uso wa naitrojeni unaweza kustahimili otoklevu. Tuliporudi kwenye chemba tukaona tofauti. Plazma yetu ilikuwa ikianza na mwanga hafifu unaochezacheza, na rangi ya waridi na zambarau ya naitrojeni ilikuja baadaye, mara nyingine tulipokuwa karibu kuzima. Utando uliokaushwa ulikuwa umenyonya unyevu wa hewa tena tulipoubeba kutoka ghorofa moja hadi nyingine, na gasketi ya mlango ilikuwa na ufa ambao fundi wa Viwandani aliupata kwa kucha. Plazma tuliyoiita ya naitrojeni ilikuwa kwa sehemu kubwa ya mvuke wa maji na hewa. Plazma ya namna hiyo hukatakata minyororo ya selulosi na kuacha vipande vifupi vilivyooksidishwa, ambavyo havijashikamana na chochote. Maji ya moto yakija, huondoka navyo.

Tulibadilisha gasketi, na tukaanza kuacha utando chini ya pampu usiku kucha kabla ya kuwasha. Pia tuliongeza kusuuza kwa maji baada ya plazma, ili kilicholegea kiondoke mbele yetu badala ya kuondokea mbele ya seli.

Kuhusu otoklevu yenyewe kuna jambo ambalo mtu wa Mombasa halimhusu. Otoklevu yetu ni ya zamani, inasomwa kwa geji ya presha, na mwongozo unasema ratili 15 kwa inchi ya mraba ni nyuzi 121. Hiyo ni kweli ukiwa usawa wa bahari. Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi na zaidi, hewa yake inasukuma kidogo, na ratili 15 za geji zinatupa nyuzi 118 tu. Ili kupata 121 tunahitaji karibu ratili 18. Miaka yote hiyo tulikuwa tukipika mchuzi wa bakteria kwa nyuzi pungufu bila kujua. Pengine ndiyo sababu ya mizigo miwili mitatu iliyowahi kuniozea.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa kugeuza mpangilio: soda, kusuuza, otoklevu, kugandisha na kukausha, plazma, kusuuza kwa maji yaliyokwisha kuuliwa vijidudu ndani ya kabati safi, kisha seli siku ileile. Tulijua wazi kwamba mpangilio huo unafaa kwa majaribio ya maabara. Kwa mgonjwa hautoshi, na nitalirudia hilo chini.

Matokeo

Baada ya gasketi na pampu ya usiku, rangi ya chungwa iliongezeka, na otoklevu ikawa inaondoa sehemu yake tu. Kuhifadhi katika plastiki bado kuliipunguza.

Tulipanda seli tena. HaCaT zilishika vizuri zaidi kwenye plazma kuliko kwenye utando uliokaushwa tu, lakini tofauti ilikuwa ndogo kuliko ile ya picha ya WhatsApp. Sehemu kubwa ya faida ya wiki ya 9 ilitokana na kukausha, kwa sababu uso uliokaushwa una mikunjo na matundu ambayo seli zinaweza kuyakanyaga. Utando ulioingia chembani bila umeme ulifanana na uliokaushwa tu, basi pampu haikuwa na hatia. L929 hazikujali chochote. Fibroblasti za panya zilifanya kama zile za 3T3 za mwaka 2010, na hapo ndipo sentensi tuliyoisahau ilipoturudia.

Tulituma vipande nje ya nchi vipimwe kwa eksirei za uso, kipimo kinachoona nanomita kumi za juu peke yake. Ripoti ilionyesha naitrojeni, ndiyo, lakini pia kaboni nyingi kuliko selulosi inavyoruhusu, na silikoni ambayo hakuna aliyeitia. Vipande vilikuwa vimesafiri katika mifuko ya zipu. Uso ulioamshwa na plazma huokota mafuta ya plastiki kwa hamu, na tulikuwa tumelipa fedha za kigeni kupima mfuko. Mzigo wa pili ulifungwa kwa karatasi ya aluminiamu ndani ya sanduku la kioo, na silikoni haikuonekana tena.

Vipande vilivyobaki kati ya vile arobaini havikwenda kwa daktari. Hakuna mgonjwa aliyewekewa utando huu.

Uchambuzi

Kilichotusaidia zaidi ni karatasi ya manila, na nasema hivyo nikijua tulikuwa na vifaa vya mamilioni. Daftari la maabara huandikwa kwa mtu: mpishi ana lake, wa plazma ana lake, wa seli ana lake. Utando hauna daftari. Tulipoandika historia kwa kufuata kipande badala ya mtu, makosa yalijitokeza kwa saa moja.

Rangi ya chungwa nayo ilifanya kazi kubwa kuliko bei yake. Nisingemshauri mtu aanze na kipimo cha eksirei kabla ya kuwa na kitu kama hicho nyumbani, kwa sababu tungetuma vipande vilivyopigwa plazma ya mvuke wa maji na kupata majibu ya kuvutia yasiyo na maana.

Pale tuliposhindwa, kosa la kisayansi halikuwa gumu. Kipande cha kulinganishia kilichokuwa kibichi ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili angelikamata kwenye mtihani. Halikukamatwa kwa sababu picha ilikuwa nzuri na sote tulikuwa tumechoka kusubiri. Picha ikishakwenda kwa mfadhili, kuuliza swali juu yake kunaanza kuonekana kama kumgeuka mwenzako. Mimi mwenyewe niliona siku ileile kwamba kipande cha kulinganishia kina unene tofauti. Nilinyamaza nikala nyama.

Suala la kuua vijidudu bado halijatatuliwa, na yeyote anayetaka kuchukua njia hii afikirie hapo kwanza. Spiriti ya asilimia 70 haiui mbegu za bakteria, kwa hiyo haitoshi kwa kitu kinachowekwa juu ya nyama wazi. Gesi ya ethilini oksaidi inaua, lakini inajibizana na amini zilezile tulizozipanda. Miale ya gama, ambayo dozi yake ya kawaida kwa vifaa vya tiba ni kilogirei 25, hukata minyororo ya selulosi na kuulegeza utando. Otoklevu inachukua sehemu ya uso. Kila njia inaugusa uso baada ya plazma, na hakuna inayouacha kama ilivyoukuta. Tungeanza upya leo, tungechagua njia ya kuua vijidudu kabla ya kuchagua gesi.

Endotoksini ni mlango mwingine. Bakteria wetu ni wa kundi la Gram-hasi, na kuta zao huacha sumu ambayo otoklevu haiiondoi. Soda ya moto huipunguza sana. Kikomo kinachotumika kwa vifaa vingi vya tiba ni yuniti 20 za endotoksini kwa kifaa. Sisi hatukuwa tumefika kwenye kipimo hicho, na tulipaswa kukifanya kabla ya nyama choma.

Kuna pia swali la sista wa wodi ya majeraha ya moto, aliyekuja siku ya maonyesho pamoja na daktari. Alishika kipande kilicholoweshwa, akakigeuza kwenye mwanga, akaniuliza: "Hizi seli zinashika vizuri, sawa. Na zile za mtoto mwenyewe, za chini, hazitashika? Siku ya kubadilisha bandeji nitaubanduaje bila kumrarua?"

Hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria hilo. Tulikuwa tukiongeza mshiko pande zote mbili za kitu ambacho upande mmoja ulipaswa kuwa na mshiko na mwingine uachie. Bahati nzuri chemba hupiga zaidi upande unaoutazama mwanga, na utando wenyewe una pande mbili tangu kuzaliwa: uliotazama hewa ni mzito na laini, uliotazama mchuzi una matundu zaidi. Tulianza kuulaza kwenye kioo upande wa mchuzi ukitazama chini, tukapiga plazma upande wa hewa peke yake.

Ila kipande kikishalowa, pande hizo huwezi kuzitofautisha kwa macho wala kwa kidole. Kalamu huyeyuka kwenye maji, na uzi ungeleta kitu kingine cha kuugusa uso. Mama ndiye aliyechukua mkasi. Tangu siku hiyo kila kipande ni cha mstatili, na kinakatwa kona moja kabla ya kuingia chembani. Ukikisimamisha kwa urefu wake mbele yako na kona iliyokatwa ikawa juu kulia, upande wenye plazma ndio unaokutazama.